Namna ya Kupitia Tathmini ya Mazingira ya Upanuzi wa Ghala la Gesi Asilia Chini ya Ardhi: Utaratibu wa Marekani

Ghala la gesi asilia la chini ya ardhi linapopanuliwa, kinachoonekana juu ya ardhi huwa ni kidogo: kompresa (mashine za kukandamiza gesi) moja au mbili, visima kadhaa, kilomita chache za bomba. Ndiyo maana waraka wa tathmini hujaa habari za miti itakayokatwa na vijito vitakavyovukwa, ilhali badiliko lenyewe linatokea mamia ya mita chini, na mara nyingi ndani ya visima vilivyochimbwa miongo mingi kabla ya mradi huo kufikiriwa. Mimi huzipitia nyaraka hizi kuanzia chini kwenda juu, na mwongozo huu unafuata mpangilio huohuo. Nimechagua Marekani kwa sababu ina maghala ya aina hii yapatayo 400, na kumbukumbu zake nyingi ziko wazi kwa umma.

Hatua ya kwanza: tambua aina ya ghala na maana ya neno "upanuzi"

Maghala haya ni ya aina tatu. Yaliyo mengi zaidi ni maeneo ya zamani ya gesi au mafuta yaliyokwisha kuvunwa, ambamo gesi hukaa katika vitundu vidogo vya mwamba kama maji yakaavyo ndani ya mchanga wa mtoni. Aina ya pili ni miamba iliyokuwa na maji tu, na ya tatu ni mapango yaliyochongwa ndani ya chumvi, hasa katika majimbo ya Texas na Louisiana. Hatari za aina hizi hazifanani, kwa hiyo maswali yaliyoandaliwa kwa pango la chumvi hayakusaidii sana katika eneo la gesi lililovunwa.

Kisha uliza ni nini hasa kinachopanuliwa. Mwombaji anaweza kutaka kuongeza mgandamizo wa juu unaoruhusiwa, kuongeza visima, kuongeza nguvu za kompresa ili gesi iingie na kutoka kwa kasi zaidi, kuchonga pango jipya, au kuuza sehemu ya gesi ya msingi, yaani ile inayoachwa humo daima ili kusukuma nyingine. Maombi mengi huchanganya mambo mawili au matatu kati ya haya. Andika katika karatasi moja takwimu za sasa na zile zinazoombwa: ujazo wote, gesi inayoweza kutolewa, mgandamizo wa juu, idadi ya visima, na mpaka wa eneo pamoja na ukanda wa tahadhari unaolizunguka. Usiposhika takwimu hizi mwanzoni, utasoma kurasa mia moja bila kujua unapima nini.

Hatua ya pili: jua mlango wa kugonga

Ghala linalohudumia biashara kati ya majimbo huidhinishwa na Tume ya Shirikisho ya Udhibiti wa Nishati, FERC, chini ya kifungu cha 7 cha Sheria ya Gesi Asilia ya mwaka 1938, na idhini hiyo ndiyo inayoibua tathmini chini ya sheria ya sera ya mazingira, NEPA. Ghala la ndani ya jimbo moja husimamiwa na jimbo lenyewe. Usalama wa visima uko kwa wakala wa shirikisho wa mabomba na vifaa hatari, PHMSA, ambao ulitoa kanuni za awali Desemba 2016 na za mwisho Februari 2020.

Kuna pengo ambalo wageni wa kazi hii hawalitarajii. Sheria ya Maji Salama ya Kunywa hudhibiti visima vinavyoingiza vimiminika ardhini, lakini imeondoa wazi uingizaji wa gesi asilia kwa ajili ya kuhifadhiwa. Kwa hiyo kisima cha kuchonga chumvi na kile cha kutupa maji chumvi vinahitaji kibali cha aina hiyo, ilhali kisima cha gesi kilicho kando yake hakihitaji. Waraka ukisema kwamba maji ya ardhini "yanalindwa na vibali vya visima", angalia ni visima vipi vinavyozungumziwa.

Msomaji aliyezoea Tathmini ya Athari kwa Mazingira (TAM) ya Tanzania, ambako mwenye mradi huajiri mtaalamu wa kuandika na baraza la taifa la mazingira, NEMC, likaupitia mswada wake, azingatie tofauti iliyopo hapa: FERC huandika waraka wa tathmini yenyewe, ikitumia ripoti za mwombaji kama malighafi. Unachokosoa, basi, ni hoja za wasimamizi.

Hatua ya tatu: kusanya nyaraka, na anza na viambatisho

Tafuta namba ya shauri inayoanza na herufi CP katika maktaba ya mtandaoni ya FERC. Pakua ombi lenyewe, ripoti za rasilimali zinazoambatana nalo, maswali ambayo wataalamu wa tume walimwandikia mwombaji, na majibu yake. Ripoti namba 6 inahusu jiolojia, namba 2 maji, namba 9 hewa na kelele, namba 10 njia mbadala, na namba 11 usalama. Maswali na majibu ndiyo ninayoyasoma kwanza, kwa sababu huonyesha mahali ambapo wataalamu wenyewe hawakuridhika.

Tangu marekebisho ya NEPA ya mwaka 2023, tathmini fupi imewekewa ukomo wa kurasa 75 na mwaka mmoja, na ile kamili kurasa 150, au 300 kwa jambo tata kupita kawaida, ikamilike ndani ya miaka miwili. Viambatisho havihesabiwi katika ukomo huo, kwa hiyo kiini cha kitaalamu kimehamia huko. Ramani za jiolojia na kumbukumbu za visima pengine huwasilishwa kwa siri. Mshiriki rasmi wa shauri anaweza kuziomba kwa kutia saini makubaliano ya kutunza siri. Tahadhari nyingine: kanuni za pamoja za NEPA zilizotolewa na Baraza la Ubora wa Mazingira zilifutwa mwaka 2025, na miongozo mingi iliyoko mtandaoni bado inazinukuu kana kwamba zingali hai.

Hatua ya nne: pitia kila kisima

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Tengeneza jedwali la visima vyote vilivyomo ndani ya mpaka na ukanda wa tahadhari, vikiwemo vilivyozibwa na vya makampuni mengine. Kwa kila kimoja andika mwaka wa kuchimbwa, kina, kazi yake ya kwanza, urefu wa saruji nyuma ya bomba la kinga (bomba la chuma linaloshikilia kuta za kisima), tarehe ya kipimo cha mwisho cha unene wa chuma, na kama gesi hupita katika mrija wa ndani peke yake au pia katika nafasi iliyo kati ya mrija na bomba la kinga.

Safu hiyo ya mwisho ina historia yake. Tarehe 23 Oktoba 2015 kisima SS-25 cha ghala la Aliso Canyon, juu ya kitongoji cha Porter Ranch mjini Los Angeles, kilianza kuvuja. Kilichimbwa mwaka 1953 kwa ajili ya mafuta. Gesi ilikuwa inapita katika mrija na katika nafasi ya pembeni pia, hivi kwamba kati yake na mwamba palikuwa na ukuta mmoja tu wa chuma. Ukuta huo ulipasuka kwenye kina cha mita 272 hivi, na uchunguzi wa chanzo uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kwamba chuma kililiwa na kutu kutoka upande wa nje, ambako maji ya ardhini yenye vijidudu yalikuwa yakikigusa. Valvu ya usalama ya chini ilikuwa imeondolewa mwaka 1979. Kisima kilidhibitiwa Februari 2016 kwa kuchimbiwa kisima kingine cha kukikata kwa chini, baada ya majaribio ya kukiziba kutoka juu kushindwa, na tani zipatazo 97,000 za methani zilikuwa zimekwisha kutoka.

Kwa hiyo kutoona saruji katika sehemu ya juu ya kisima cha zamani ni jambo la kuandikia maoni hata kama kisima hicho hakijawahi kuvuja. Usikubali sentensi isemayo kwamba visima "vinafuata viwango vinavyotumika". Uliza ni vingapi vimepimwa chuma chake tangu viwango hivyo vianze kutumika, na vilivyobaki vitapimwa lini, kabla ya mgandamizo kuongezwa au baada yake.

Visima vya watu wengine vinahitaji uangalifu wa namna yake. Januari 2001, katika jimbo la Kansas, gesi ilitoroka kupitia bomba la kinga lililoharibika katika ghala la Yaggy, ambalo mapango yake ya chumvi yalikuwa ya propani, yakazibwa, kisha yakafunguliwa upya kwa ajili ya gesi asilia. Gesi ilisafiri chini kwa chini yapata kilomita 11 ndani ya tabaka jembamba lenye nyufa hadi mji wa Hutchinson, ikapanda juu kupitia visima vya zamani vya chumvi ambavyo vingi vilikuwa vimesahauliwa. Milipuko iliharibu majengo katikati ya mji na kuua watu wawili. Ukisoma ukanda wa tahadhari wenye upana wa mita mia chache tu, kumbuka umbali huo, na uulize kama mwombaji alitafuta visima vilivyotelekezwa kwa kupima sumaku kutoka angani au alitegemea daftari la jimbo pekee. Madaftari hayo huwa na upungufu mkubwa kwa visima vya kabla ya sheria za vibali.

Hatua ya tano: pima ongezeko la mgandamizo

Chukua mfano wa kubuni. Ghala lililo mita 1,000 chini lina mgandamizo wa juu wa megapaskali 9.5, na mwombaji anataka 12. Safu ya maji ya kina hicho hukandamiza kwa megapaskali 9.8 hivi, kwa hiyo gesi itatoka kwenye hali ya kuwa chini ya mgandamizo wa maji na kuingia kwenye hali ya kuuzidi. Uzito wa miamba yote iliyo juu ni karibu megapaskali 22 au 23, na waraka utakuambia kwamba 12 iko mbali na hapo. Ni kweli, lakini swali lilikuwa jingine. Mwamba hupasuka kabla ya kufikia uzito huo. Kiwango cha kupasuka hutakiwa kipimwe katika mwamba funiko (tabaka la juu linaloizuia gesi isipande) wa eneo hilohilo. Zaidi ya hayo, gesi inaweza kupenya mwamba funiko bila kuupasua, mgandamizo ukizidi ule unaozuiliwa na maji yaliyomo katika vitundu vyake, na jambo hilo hujulikana kwa kupima sampuli ya mwamba maabara.

Tazama pia umbo la tabaka. Gesi ikiongezwa hushuka pembeni, na ikifika mahali tabaka linapoinuka tena itateleza nje ya ghala. Dai visima vya uangalizi upande huo, pamoja na kiwango cha mgandamizo ambacho kikifikiwa uingizaji wa gesi utasimamishwa.

Hatua ya sita: kwa mapango ya chumvi, fuata maji

Kuchonga mita moja ya ujazo ya pango huhitaji maji mara 7 hadi 10 ya ujazo huo, na maji hayo hurudi yakiwa maji chumvi. Pango la mita za ujazo 500,000, kwa mfano, litadai maji kati ya milioni 3.5 na milioni 5. Hakikisha waraka unataja chanzo chake, kasi ya kuyachota wakati wa ukame, na uwezo wa visima vya kuyatupa. Kisha pima umbali wa pango kutoka ukingo wa chumvi. Huko Bayou Corne, Louisiana, ukuta wa pango la kuchimbia chumvi lililokaribia mno ukingo uliporomoka, na Agosti 2012 shimo kubwa likafunguka juu ya ardhi, wakazi walihamishwa. Pango hilo halikuwa ghala la gesi, ila jiometri ya chumvi haijali kilichohifadhiwa ndani.

Hatua ya saba: hewa na kelele

Kwa kelele, FERC hutumia ukomo wa desibeli 55 wa wastani wa mchana na usiku kwenye nyumba zilizo jirani. Wastani huo huongeza desibeli 10 kwa saa za usiku, kwa hiyo kompresa inayonguruma bila kukoma haipaswi kuzidi 48.6 hivi. Uchimbaji wa visima huendelea usiku kucha kwa wiki kadhaa, na huwa umetengewa aya moja.

Kwa methani, angalia kipimo kilichotumika kuilinganisha na kaboni dioksidi. Ripoti ya sita ya IPCC, jopo la kimataifa la tabianchi, huipa methani ya visukuku uzito wa 29.8 kwa miaka 100 na 82.5 kwa miaka 20. Kwa vipimo hivyo, uvujaji wa Aliso Canyon ulikuwa sawa na tani milioni 2.9 au milioni 8. Waraka unaotaja kipimo kimoja tu uombwe kutaja vyote viwili. Hoja za gesi itakayochomwa mbali na ghala zimekuwa dhaifu tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Mei 2025 katika shauri la Seven County, ambao uliwapa wasimamizi nafasi pana ya kuamua tathmini ifike wapi. Sijutii sana, kwa maana visima vyenyewe vina maswali ya kutosha.

Hatua ya nane: wasilisha, kisha endelea kufuatilia

Kutoa maoni na kuwa mshiriki rasmi wa shauri ni mambo mawili tofauti. Omba ushiriki ndani ya muda uliotajwa katika tangazo la ombi, kwa sababu ni mshiriki pekee anayeweza kuomba shauri lisikilizwe upya, na ana siku 30 tangu idhini itolewe. Katika maoni, taja ukurasa, kisima na takwimu, kisha andika sharti unalolitaka kwa maneno ambayo tume inaweza kuyahamishia katika idhini yake, kama vile: "Mgandamizo usiongezwe kabla ya visima vyote vilivyomo katika Jedwali la 2 kupimwa unene wa chuma na matokeo kuwasilishwa."

Idhini ikitolewa, soma masharti ya kihandisi yaliyo mwishoni. Kwa kawaida humtaka mwendeshaji awasilishe taarifa za ulinganisho wa gesi iliyopimwa kwenye mita na ile inayokadiriwa kutokana na mgandamizo wa visima vikiwa vimefungwa. Tofauti ikikua msimu hadi msimu, ama mita zina kasoro ama gesi inahama, na hilo litaonekana katika takwimu hizo mapema kuliko mahali pengine popote.