Mkao wa Mgonjwa Unavyobadili Majibu ya Damu

Kabla ya kufunga mpira mkononi ili kuchukua damu, uliza mgonjwa alikuwa amesimama, ameketi au amelala kwa dakika 15 zilizopita. Mtu akiinuka kitandani, shinikizo kwenye mishipa ya miguu hupanda na maji ya plazima (sehemu ya majimaji ya damu) huchujika kwenda kwenye tishu. Ndani ya dakika 10 hivi ujazo wa plazima hushuka kwa takriban asilimia 10, pengine zaidi. Vile visivyopenya hubaki vikiwa vimekolea: chembe za damu, himoglobini, protini, vimeng'enya, kolesteroli, na kalsiamu iliyoshikana na albumini (protini ya damu). Sodiamu, glukosi na urea hupita pamoja na maji, kwa hiyo havibadiliki sana.

Aliyeingia kwa miguu mketishe kwenye kiti chenye mgongo, nyayo zikigusa sakafu, dakika 15. Muda huo haupotei: hakiki jina, soma fomu, panga chupa. Aliyelazwa mchukulie damu akiwa amelala vilevile. Usimwinue dakika ya mwisho kwa sababu tu mshipa utaonekana vizuri. Na aliyekuwa amesimama ukimlaza, maji hurudi polepole, hadi nusu saa. Ukichoma katikati ya muda huo, majibu si ya kusimama wala ya kulala.

Mpira nao hukamua maji vivyo hivyo. Usizidi dakika 1, na ulegeze damu inapoanza kutiririka. Kumwambia mgonjwa akunje na kukunjua ngumi ni mazoea mabaya, maana hupandisha potasiamu kwa uongo.

Homoni ndizo zinazodai ukali zaidi, kwa kuwa hapo mwili wenyewe huzimwaga mtu anaposimama. Renini na aldosteroni (zinazodhibiti chumvi na shinikizo la damu): mgonjwa awe ameamka na kuwa wima angalau saa 2, kisha aketi dakika 5 hadi 15. Metanefrini za plazima (mabaki ya adrenalini na homoni za jamii yake): alale chali dakika 20 hadi 30, kanula (mrija mwembamba wa mshipani) ikiwa imeshawekwa, achukuliwe damu bila kuinuka. Zikionekana juu kwa aliyechukuliwa akiwa ameketi, rudia akiwa amelala kabla ya kuanza kutafuta uvimbe unaotoa homoni hizo.

Andika mkao kwenye fomu, hasa ukiwa tofauti na wa kipimo kilichopita. Himoglobini iliyopimwa mapokezi mgonjwa akiwa ameketi mara nyingi huonekana imeshuka kesho yake wodini, ingawa hakuvuja hata tone. Daktari asiyejua mkao ataanza kusaka damu inakopotelea.