Tapi ya boti imekufa mgongo: namna ya kuitengeneza kwa kole na rido la zamani

Mwenye boti akiniita, mara nyingi neno lake ni moja: "Fundi, hii tapi imekufa, tununue ingine." Mimi huigeuza kwanza. Juu, nyuzi bado nzima, rangi imepauka kidogo tu. Ugonjwa uko chini. Ule mpira uliopakwa mgongoni ili kushika nyuzi umekauka na kuwa unga. Ukipitisha kidole, kinatoka na vumbi la manjano, laini kama unga wa muhogo. Tapi ya namna hiyo inafufuka kwa kole kidogo, rido kuukuu na siku nne hivi za subira, au zaidi wakati wa mvua.

Hapa Goma kinachoua mgongo kwanza ni changarawe ya lava. Abiria anapanda na vijiwe vyeusi kwenye soli za viatu, vinazama kati ya nyuzi hadi chini, na kila mguu unaopita unavisaga kama msasa. Esansi inayomwagika karibu na motere inalainisha mpira mpaka unavimba na kubanduka. Javeli kali ya kuoshea nayo inaukausha. Bahati yetu ni kwamba maji ya Ziwa Kivu si ya chumvi. Kwenye boti za baharini chumvi inabaki ndani ya tapi na kuvuta unyevu kila siku.

Kabla ya kununua chochote

Shika nyuzi chache kwa vidole, uvute. Zikitoka bila nguvu sehemu moja au mbili, endelea. Zikitoka kila mahali unaposhika, usipoteze kole: kata zile sehemu zisizoharibika sana, utengeneze vipande vya kuweka mlangoni.

Tafuta kole ya neoprene, ile ya njano ya mafundi viatu. Lita moja hunitosha mita mbili za mraba. Tafuta pia rido jepesi la polyester lenye matundu madogo; kila nyumba inalo moja lililochanika. Ongeza burashi ngumu, makasi, kadi ngumu ya plastiki na sabuni ya mche.

Kole nyeupe ya mbao uiache, inalainika ikiingia maji. Gunia la katani linaoza. Mfuko wa mchele wa plastiki unateleza, kole inabanduka kama ganda. Na chandarua chenye dawa usikiweke botini hata kama ni cha bure: dawa ile inaua samaki, na ziwa hili ndilo linalotulisha sambaza.

Hatua ya 1: Vua, kisha kagua mbao

Anzia pembeni, vuta polepole ukiisaidia kwa kisu butu. Chora mshale wa chaki kuonyesha upande wa mbele. Choma tripleksi ya sakafu kwa bisibisi sehemu kadhaa. Bisibisi ikizama, mbao imeoza, na hiyo itengenezwe kwanza.

Hatua ya 2: Piga, osha, kausha

Ining'inize ikiwa kavu, mgongo nje, uipige kwa fimbo mpaka changarawe iache kudondoka. Usianze na maji, maana yakiingia vijiwe vinanata ndani. Kisha osha kwa sabuni, mbali na ziwa, suuza, anika.

Kwenye kukausha ndiko kazi nyingi zinakoharibikia. Miaka ya mwanzo niligundisha tapi ya kanoti baada ya siku moja ya jua. Juu ilikuwa kavu kabisa. Wiki tatu baadaye ilivimba mapovu kama chapati, na mbao chini yake ilikuwa imeanza kunuka. Niliirudia kazi yote kwa kole niliyonunua mwenyewe.

Tangu siku hiyo napima hivi: nakata kipande cha plastiki angavu, nakibandika mgongoni kwa utepe pande zote nne, naacha juani saa nzima. Nikikuta matone ndani ya plastiki, tapi bado ni mbichi. Mji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya bahari, usiku una baridi na umande, kwa hiyo iingize ndani kabla jua halijazama. Mwezi wa sita hadi wa nane siku mbili zinatosha. Wakati wa mvua mimi hungoja hata siku tano.

Hatua ya 3: Kwangua unga

Kwangua mpira uliokufa, ukomee pale unapokataa kutoka. Usisafishe kwa esansi, itakula na ule uliobaki mzima. Burashi kavu inatosha.

Hatua ya 4: Mgongo mpya

Fanya kazi nje. Mvuke wa kole unalevya na unashika moto haraka: pasiwe na sigara wala mbabula ya makala karibu.

Laza tapi kifudifudi juu ya ubao ulionyooka. Paka kole nyembamba, ukiisukuma kwa kadi iingie kwenye mizizi ya nyuzi, iache ikauke. Paka ya pili, na ikiwa bado mbichi laza rido juu yake, likizidi kidonda, yaani pale mgongo ulipokufa, kwa vidole vinne kila upande. Kandamiza kwa kadi kutoka katikati kwenda nje mpaka uone kole ikichungulia kwenye matundu ya rido. Pasipochungulia hapakushika, ongeza kidogo. Acha siku nzima.

Hatua ya 5: Kuirudisha

Toa tanki la esansi, chomoa betri, fungua madirisha yote. Paka kole kwenye sakafu na kwenye mgongo wa tapi, pande zote mbili, ungoje. Gusa kwa mgongo wa kidole: kole ikivuta uzi, bado, ikinata kidogo bila kukufuata, wakati umefika. Zikigusana hazisogezwi tena, basi panga vijiti vikavu sakafuni, laza tapi juu yake, iweke sawa na ule mshale, halafu chomoa kijiti kimoja kimoja ukikandamiza kwa kuviringisha chupa tupu ya bia. Tundu za kutolea maji zibaki wazi. Boti isipakie watu mpaka kesho yake.

Kwenye boti ya abiria mimi sigundishi sakafu nzima, kingo tu, ili mwaka ujao tapi itoke bila kuchanika. Karibu na motere sigundishi kabisa. Pale nakata kipande cha peke yake, jioni kinatolewa na kupigwa, kinalala chini ya paa, asubuhi kinarudi kabla abiria wa kwanza hajapanda.