SOMO: Ukaguzi wa kituo cha kulelea watoto mchana, hatua kwa hatua (soma yote kabla hujauliza)

Wadau, salaam. Mwezi huu peke yake nimejibu swali moja mara nane: "Dada, wakaguzi wanakuja kituoni kwangu, wanaangalia nini?" Naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

Nina kituo Morogoro, huu mwaka wa tisa, watoto wa miaka 2 hadi 5. Ukaguzi wangu wa kwanza nilifeli. Nilichofelia kipo hatua ya 6, na nimekieleza kwa kirefu kwa sababu nikitembelea vituo vya wenzangu nakikuta vilevile.

Tuelewane kwanza. Haya ni ya Tanzania Bara. Zanzibar wana sheria yao ya mtoto ya 2011, waulize kwao. Huku Bara kituo cha kulelea watoto mchana kiko chini ya ustawi wa jamii, kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 na kanuni zake. Darasa la awali, ule mwaka mmoja kabla ya darasa la kwanza, ni la elimu, na wanaolifuatilia ni wathibiti ubora wa shule. Ukiwa na vyote viwili kwenye kiwanja kimoja, una ofisi mbili za kujibu. Jirani yako akisema moja inatosha, usimsikilize.

1. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, chukua fomu, uliza gharama, ondoka na orodha yake mkononi.

2. Barua ya serikali ya mtaa, na hati ya nyumba au mkataba wa pango.

3. Vyeti vya walezi. Cheti cha malezi ya watoto, siyo "anapenda watoto". Mlezi mzoefu asiye na cheti mpeleke akasome, ukaguzi ujao usimkute hapohapo.

4. Mpishi na kila anayegusa chakula wapimwe afya kila baada ya miezi 6, na karatasi ziwepo jikoni. Afisa afya hataki kusikia kwamba ziko nyumbani.

5. Vyoo, maji na jiko. Tundu la choo liwe dogo kwa mtoto, au uweke kikalio chake, na sabuni iwe pale mtoto anapofika kwa mkono wake. Ndoo na mapipa ya maji yawe na mifuniko. Mtoto wa miaka 2 anaweza kuzama kwenye ndoo ambayo wewe unaona haina kitu, sentimita 5 za maji zinatosha kumuua. Jiko la mkaa likae nje ya jengo wanamolala watoto, hata mvua ikinyesha. Moshi wake mbaya kabisa ndio usioonekana wala kunuka.

6. Milango, mageti na daftari la mahudhurio. Hapa tulia.

Siku ya ukaguzi wangu nilikuwa na kila karatasi. Mitungi ya kuzimia moto miwili, mipya, mshale kwenye kijani. Mkaguzi aliipita tu. Akasimama katikati ya chumba cha kulala, akamwambia mlezi wangu: "Moto umeanzia jikoni. Watoe watoto." Hakuwa ametuambia mapema. Mlango wa mbele ulikuwa upande wa jiko, kwa hiyo ikabaki kupita nyuma, na geti la nyuma lilikuwa na kufuli. Ufunguo alikuwa nao mlinzi, na mlinzi alikuwa ameenda kunywa chai. Madirisha yote yalikuwa na nondo nilizochomelea mwenyewe kwa kuogopa wezi.

Ikabidi tupite mbele, hukohuko tulikoambiwa kuna moto. Nje akaniuliza: "Leo wamekuja wangapi?" Daftari lilisema 34. Tukahesabu 31. Nikahesabu tena, 31. Nilianza kutetemeka ingawa nilijua ni jaribio. Dakika 11 zilipita ndipo tukajua watoto wawili walichukuliwa na shangazi yao baada ya uji na hakuna aliyeandika, na wa tatu alikuwa chooni, amekaa peke yake, anatungoja tukamsafishe. Mtoto yule alikuwa na miaka mitatu. Laiti moto ungekuwa wa kweli, sote tungekuwa tumesimama uwanjani tunabishana kuhusu daftari.

Mkaguzi aliandika "hapana" na alikuwa sahihi. Machi 2001, kule Kenya, shule ya Kyanguli, Machakos, wanafunzi 67 walikufa kwenye bweni ambalo mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yana nondo. Septemba 2020 wanafunzi 10 wa shule ya msingi walikufa kwa moto bwenini huku kwetu Kyerwa, Kagera. Kwa hiyo mtu akiniambia kufuli ni jambo dogo, simwelewi.

Nilichobadilisha:

Kila chumba cha watoto kina njia mbili za kutokea, na zote zinafunguka bila ufunguo saa zote watoto wakiwepo. Kufuli nimeliondoa, nimeweka komeo juu, usawa wa mita 1.5, mtu mzima analisukuma kwa mkono mmoja na mtoto halifikii. Nondo za dirisha moja la kila chumba nimezifanya mlango mdogo wenye bawaba, unafungukia nje, komeo kwa ndani. Fundi wa kuchomelea alimaliza kwa siku mbili.

Daftari lina saa ya kuingia, saa ya kutoka, na sahihi ya aliyemleta na aliyemchukua. Mtu ambaye hayuko kwenye orodha ya mzazi haondoki na mtoto, hata awe shangazi tunayemjua, mpaka mzazi apigiwe simu. Juu ya mlango kuna ubao mdogo wenye namba moja tu, idadi ya watoto waliopo sasa hivi. Akitoka mmoja, namba inafutwa na kuandikwa upya palepale. Tunahesabu vichwa mara nne: wakishaingia wote, baada ya uji, kabla ya kulala, wakiamka. Na kwenye zoezi, mlezi wa mwisho kutoka hupita chooni na nyuma ya mapazia kabla ya kuvuka mlango, akiwa na daftari kwapani.

ONYO: Usiandike mahudhurio jioni kwa kukumbuka. Mkaguzi anaona wino mmoja na mwandiko mmoja wa wiki nzima, na hapo hata yale ya kweli hayaamini tena.

ONYO: Usifungue geti siku ya ukaguzi tu. Watamuuliza mtoto. Mtoto atasema, "Hapa huwa pamefungwa."

7. Zimamoto. Omba wakague na wakupe cheti, halafu kumbuka kukihuisha kila mwaka. Mtungi uning'inie karibu na mlango, siyo nyuma ya gunia la mchele. Kila mlezi ajue kuutumia: chomoa pini, elekeza kwenye shina la moto, bana, fagia kulia na kushoto. Namba 114 iandikwe ukutani kwa tarakimu kubwa, pamoja na 112 ya polisi na 116 ya Simu ya Mtoto.

8. Dawa na sumu. Kabati moja, juu, lenye ufunguo. Dawa ya mtoto ikija bila boksi lake na bila maandishi ya mzazi, hainyweshwi. Kadi za kliniki ziwe na nakala. Angalia hasa chanjo ya surua-rubela ya miezi 18, wazazi wengi wanaishia ile ya miezi 9.

9. Siku yenyewe. Endelea na ratiba yako ya kawaida. Wape uji, waimbe, walale. Ukiambiwa kasoro, iandike mbele yao, uliza umepewa muda gani, na urudi na ushahidi kabla muda haujaisha.

Maswali chini.

MASWALI NA MAJIBU

Mdau wa Tegeta: Dada naomba unitumie fomu na gharama zote inboksi, nipo bize sijaweza kusoma yote.

Jibu: Hatua ya 1.

Mdau wa Tegeta: Mbona umejibu kwa hasira?

Jibu: Sina hasira, kaka. Fomu inatolewa na ofisi yako, siyo na mimi. Utakapopata muda soma hatua ya 6, hata usiposoma nyingine.

Mama wa Kimara: Asante mwalimu. Mimi geti langu la nyuma linaangalia barabara ya daladala. Nikiondoa kufuli naogopa mtoto atoke, na naogopa mtu aingie. Nifanyeje?

Jibu: Swali zuri, mama, na hofu yako ni ya kweli. Komeo liwe upande wa ndani tu, na sehemu hiyo ya geti izibwe kwa bati ili mtu wa nje asipitishe mkono. Ongeza kengele ndogo, hata ile ya mbuzi, ifunge kwenye geti, likiguswa unasikia. Mimi niliongeza pia uzio mfupi wa mbao hatua tano kabla ya geti, wenye komeo lake juu. Mtoto akiponyoka mlangoni anagota kwenye uzio, haifikii barabara. Na watoto wanapotoka kwenye zoezi, mtu mzima wa kwanza anatangulia mbele yao kufika nje, asiwasukume kutoka nyuma.

Mdau wa Mbagala: Tuseme ukweli, ukimwona mtu vizuri haya yote yanapita. Mnajichosha.

Jibu: Mkaguzi wangu hakuomba hongo wala hakupewa, na nilifeli kwa haki. Ukiombwa, TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, ni 113. Ukitoa wewe mwenyewe, geti lako linabaki na kufuli na watoto wako ndani yake. Sitajadili zaidi.

Mdau wa Arusha: Mnatisha watu. Nina watoto 20 sebuleni kwangu mwaka wa sita, sijasajili, hakuna aliyewahi kuumia.

Jibu: Sijakutisha, nimekueleza kilichonitokea. Mimi pia hakuna aliyekuwa ameumia hadi siku ile, na bado watoto watatu sikujua walipo. Fanya hivi kesho: saa nne asubuhi, bila kumwambia mtu, mwambie msaidizi wako awatoe wote. Shika saa. Uje uandike hapa umepata dakika ngapi.

Mdau wa Mombasa: Salaam dada yangu. Huku Kenya inakuwaje?

Jibu: Aleikum salaam. Kwenu Katiba ya 2010 imeweka elimu ya awali na vituo vya kulea watoto chini ya serikali za kaunti, kwa hiyo anzia ofisi ya kaunti yako. Makaratasi yatatofautiana na yangu. Hatua ya 6 ichukue kama ilivyo.

Mlezi wa Mwanza: Mwalimu, nina watoto wa miaka 2. Nikipiga filimbi ya zoezi wanalia na kujificha chini ya meza. Nimefanya mara mbili nikaacha. Unawafundishaje bila kuwatia hofu?

Jibu: Hongera kwa kujaribu, wengi hawajaribu hata mara moja. Filimbi iache kwanza. Chagua wimbo mmoja mfupi ambao hauimbwi wakati mwingine wowote. Wiki ya kwanza uimbe mkiwa mmeshatoka nje, mkiwa mmefurahi, chini ya mti wenu. Wiki ya pili uimbe mlangoni. Wiki ya tatu uimbe ndani, mtembee kwenda kwenye mti uleule. Mwisho ndipo filimbi inalia mara moja na wimbo unafuata papo hapo. Hao waliojificha wamekuonyesha kitu: moto ukitokea ndiko watakakojificha. Kwa hiyo mlezi wa mwisho lazima ainame chini ya kila meza. Wape pia kamba yenye mafundo, kila mtoto na fundo lake. Mimi nafanya zoezi mara moja kila mwezi na naandika tarehe, saa, idadi na dakika. Sasa tunatoka kwa dakika 2 na nusu, watoto 38.

Nesi wa Tanga: Niongezee kwenye hatua ya 8. Mafuta ya taa kwenye chupa ya soda au ya maji, watoto wanaletwa kwetu kila mara. Akinywa, MSIMTAPISHE na msimpe maziwa. Mleteni hospitali haraka pamoja na chupa. Na akiungua, maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Siyo dawa ya meno, siyo asali.

Jibu: Asante sana nesi. Nimeibandika jikoni leo hii.

Mama wa Kimara: Nesi, na JIK ya kufutia matapishi nichanganyeje?

Nesi wa Tanga: Angalia chupa. Kama imeandikwa asilimia 3.5, kopo moja la JIK kwa makopo sita ya maji. Mwaga juu, subiri dakika 10, ndipo ufute. Changanya mpya kila siku, na usiichanganye kamwe na dawa nyingine ya choo, inatoa hewa ya sumu. Watoto wawe nje.

Mlezi wa Mwanza: Mwalimu, kamba nimenunua ile ya katani, inawakwaruza viganja wanaiachia.

Jibu: Zungushia kila fundo kipande cha kanga kuukuu na ushone, rangi tofauti kila fundo. Mtoto atakumbuka rangi yake. Acha nafasi ya mita nzima kati ya fundo na fundo, mimi mwanzo niliweka nusu wakawa wanakanyagana visigino.