Jinsi ya kuchagua renjifainda ya zamani ya bei poa

Kama unataka renjifainda, yaani kamera ya filamu unayoifokasi kwa kulinganisha taswira mbili kwenye kidirisha, yenye lenzi kali bila kumaliza akiba kwa kamera ghali kama Leica, tafuta Canonet QL17 GIII ya 1972, lenzi yake ni 40mm f/1.7 (inafunguka sana kuingiza mwanga) na betri ikifa bado unapiga kwa kuseti mwenyewe. Kabla hujanunua chungulia kwenye kidirisha, elekeza kitu cha mbali kabisa, hata mwezi, zungusha fokasi mpaka mwisho, zile taswira mbili lazima zilaliane, zisipolaliana picha zako nyingi hazitakuwa kali. Halafu jaribu shata, kile kinachofunguka kuingiza mwanga, kwenye spidi za chini, kwa umri huu zinaganda sana. Sponji za kuzuia mwanga kwenye mlango wa nyuma wa kamera zikioza usiogope, zinabadilishwa kirahisi, ila fangasi ndani ya lenzi ikimbie kabisa. Na ule ukimya wake sasa, mtu hata hajui umeshapiga!