Ukiletewa fowadi ya tungule na kansa, ipime hivi kabla hujairusha

Zile fowadi zimerudi tena kwenye magrupu, "kula tungule tatu mbichi kila asubuhi kabla hujatia kitu mdomoni, zina antioksidanti zinazoua kansa ya tezi dume, watumie uwapendao". Nataka tuichambue hiihii, maana ukishajua kuichambua hii basi za mwarobaini na za majani ya mstafeli utazimaliza mwenyewe.

Kwanza tafuta imetoka wapi. Hii ya tungule haikuzuliwa moja kwa moja. Mwaka 1995 watafiti wa Harvard kule Marekani, akiwemo Edward Giovannucci, walitoa utafiti wa wanaume zaidi ya 47,000 waliojaza fomu za vyakula wanavyokula kisha wakafatiliwa miaka kadhaa. Waliokula vitu vya tungule zaidi ya mara 10 kwa wiki walipata kansa ya tezi dume kwa asilimia 35 chini ya wale waliokula chini ya mara moja na nusu. Sasa ingia ndani usome, maana hapa ndo penye utamu. Katika mboga, matunda na vyakula vinavyotokana navyo 46 walivyoviangalia, vilivyohusiana na kansa kupungua vilikuwa vinne tu: sosi ya tungule, tungule zenyewe, piza na stroberi. Juisi ya tungule haikuonesha kitu. Sasa hizo tatu mbichi za asubuhi nani kazileta? Tena likopini, ile rangi nyekundu inayosifiwa, mwili unaipata vizuri zaidi tungule zikipikwa na mafuta, kwa iyo mchuzi wako wa kila siku umeipita hiyo mbichi.

Swali la pili, watu walipewa hicho kitu au walikuwa wanakula wenyewe? Hawa walikuwa wanakula kwa mapenzi yao, na mtu anaependa mboga mara nyingi na sigara havuti, anatembea, hospitali anakwenda mapema, sasa utajuaje ni tungule au ni hayo mengine? Utafiti wa namna hii unakupa fununu, haukupi hukumu.

Alafu asilimia. Ukiona "35%" uliza asilimia ya ngapi. Chukua mfano tu, tuseme katika wanaume elfu moja 20 wangepata ugonjwa, ukipunguza asilimia 35 wanabaki 13. Hao saba ni watu, ni baba zetu, siwadharau hata kidogo, lakini mtu aloandika "inaua kansa" hakukwambia kwamba wale 13 walikula tungule na wakaugua vilevile. Na kupunguza uwezekano wa kuugua si kumtibu alokwisha kuugua, haya mawili watu wanayachanganya sana na ndo yanayotuulia wazee.

"Imethibitishwa maabara" nayo isikutishe, seli za kansa kwenye kisahani hata ukizimiminia maji ya chumvi kali zitakufa.

Sasa vidonge, hapa naomba tukae kidogo. Hoja ya wanaoviuza ni kwamba antioksidanti zinazuia uharibifu ndani ya seli, basi ukizimeza nyingi kansa haiji. Inaingia akilini kweli, na wanasayansi wenyewe waliiamini wakaijaribu kwa watu. Finland waliwapa wavuta sigara vidonge vya beta karotini, antioksidanti inayopatikana kwenye karoti, jumla ya wanaume kama 29,000 walikuwemo kwenye jaribio hilo, matokeo yakatoka 1994, waliomeza beta karotini walipata kansa ya mapafu ZAIDI, kama asilimia 18. Marekani jaribio jengine la beta karotini pamoja na vitamini A likasimamishwa 1996 kwa sababu ileile. Likaja la vitamini E na seleniamu, aina ya madini, wanaume zaidi ya 35,000, wakitafuta hasa kinga ya tezi dume, mwaka 2011 ikaonekana waliopewa vitamini E peke yake walipata kansa hiyo zaidi kwa asilimia 17. Kwa iyo mtu akikwambia "ni vitamini tu haina madhara", mwambie yashaonekana.

Likopini yenyewe je? Mwaka 2005 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilipitia tafiti zilizokuwepo ikasema hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba likopini inapunguza kansa yoyote, na kwa tungule na tezi dume ushahidi ni mdogo sana. Umesikia? Mdogo sana, hawakusema hakuna, na wala hawakusema dawa.

Ukishikishwa kichupa chenye picha ya tungule nyekundu inang'aa, kigeuze nyuma usome yale maandishi madogo. Vingi vinavyotoka Marekani vimeandikwa kwa Kiingereza kwamba havikukusudiwa kutibu wala kuzuia maradhi yoyote, wakati anaekuuzia anaapa kinatibu. Uliza kimesajiliwa na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, na uliza huyo alotuma fowadi anauza nini, shuka chini kabisa kwenye meseji, mara nyingi namba ya kuagizia ipo palepale.

Tungule kuleni jamani, za Darajani, za Mwanakwerekwe, za Chake, ni chakula kizuri. Lakini mzee akianza kupata tabu ya kukojoa, anaamka usiku mara kwa mara au anaona damu kwenye mkojo, mpelekeni hospitali apimwe, huenda si kansa, ila hilo alijue kwa daktari. Na kama ana vidonge keshaanza kuvimeza msimgombeze akaja akavificha, mwambieni kwa upole "baba, tukichukue na hichi kichupa tukamuoneshe daktari", mkitie kwenye mfuko mwende nacho.