Kidaka Kabla ya Vigae: Kupanga Nafasi ya Vitu Unapokarabati Bafu Marekani

Usiku wa kuamkia siku fundi atakayokuja kupima, toa kila kitu kilichomo bafuni mwako ukakipange juu ya mkeka sebuleni. Kila kitu: shampuu, mafuta ya nazi, dodoki, jiwe la kusugulia visigino, vitana, mashine ya kukaushia nywele, kopo la chooni, ndoo, beseni la kufulia nguo za ndani, taulo za nyumba nzima na zile kanga tatu zinazoning'inia nyuma ya mlango. Kwetu Columbus, Ohio, mkeka mmoja haukutosha, tukatandika wa pili. Bafu lenyewe lilikuwa la futi 5 kwa 8, yaani kama mita 1.5 kwa 2.4, kipimo utakachokikuta katika nyumba nyingi za Marekani za miaka ya 1950 na 1960. Hodhi la kuogea, choo na sinki vimeshalijaza kabla hujaingiza hata kitana.

Nausisitiza mkeka kwa sababu wauza makabati hapa huanza na picha. Katika picha zao mna taulo mbili nyeupe na chupa moja ya sabuni. Hamna ndoo, hamna kopo, hamna mafuta ya nywele ya mabinti watatu. Ukipanga bafu lako kwa picha ya dukani, vitu vyako vitaishia sakafuni na ukingoni mwa hodhi, kama ilivyotukuta sisi mara ya kwanza.

Vilivyo juu ya mkeka vigawe mafungu. Kuna vitu vinavyoshikwa na mkono uliolowa: sabuni, dodoki, shampuu, kopo. Hivi lazima vikae pale pale maji yalipo. Kuna vya kila siku vinavyotaka pakavu: miswaki, vitana, mafuta, nyembe, mashine ya nywele. Kisha kuna akiba, zile karatasi za chooni na sabuni tunazonunua kwa katoni kwa kuwa bei ya jumla ni nafuu. Akiba usiitafutie nafasi bafuni kabisa. Ipeleke kwenye kabati la ukumbini au chini ya kitanda, bafuni ibaki ya wiki moja tu. Dawa nazo ziondoe. Kabati la kioo juu ya sinki Wamarekani huliita kabati la dawa, lakini joto na mvuke wa kuoga huharibu vidonge. Dawa zikae chumbani au jikoni mbali na jiko, juu, watoto wasikofika.

Sasa njoo kwenye ukuta, maana humo ndimo ilimo hazina ya bafu dogo.

Aliyewahi kuingia nyumba ya kale ya Lamu anazikumbuka zidaka, kama Waamu wenyewe wanavyozitamka: safu za vijishubaka vya chokaa vilivyojengwa ndani ya ukuta wa matumbawe, vikipakata vyombo vya kaure na vitabu. Aliyejenga hakusubiri nyumba iishe ndipo atafute rafu ya kugongomea. Ukuta na kidaka vilizaliwa pamoja. Ukuta wa nyumba ya Marekani hauna unene ule, ila una jambo moja linalotufaa: ndani ni mtupu. Ni mbao zilizosimama, kwa kawaida kila inchi 16 kutoka katikati ya ubao hadi katikati ya mwenzake, juu yake pamepigwa bodi. Kati ya ubao na ubao panabaki inchi 14.5, kama sentimita 37, na kina cha inchi 3.5, karibu sentimita 9. Hicho ni kidaka ambacho hakijafunguliwa. Chupa kubwa ya shampuu inakaa humo bila kukunyang'anya hata inchi moja ya mahali pa kusimama.

Lakini kidaka cha sehemu ya kuogea kina masharti, nami moja nimelijifunza kwa hasara. Fundi wetu wa kwanza alikichimba kwenye ukuta wa nje wa nyumba, chini ya dirisha. Kilipendeza. Ilipofika Januari, vigae vya mle ndani vikawa baridi kama vimetoka kwenye friji, mvuke ukawa unaganda matone nyuma ya chupa, na kabla ya masika pembe zote mbili zilikuwa zimepiga ukungu mweusi. Kuchimba kidaka pale kulimaanisha kutoa pamba inayozuia baridi, na hakuna kilichorudishwa badala yake. Tulikibomoa. Huku kwenye baridi, kidaka kiwe kwenye ukuta wa ndani, unaopakana na chumba kingine. Na usiwe ukuta wenye mabomba: upande ule wa kichwa cha bomba la mvua mara nyingi ndio unaopitisha maji na bomba la kupumulia, lile linaloingiza hewa kwenye mabomba ya maji machafu, kwa hiyo mwambie fundi afungue kwanza atazame kabla hajakuahidi kitu. Akikuambia atakata ubao mmoja ili kidaka kiwe kipana, muulize kama ukuta huo unabeba uzito wa nyumba. Ukiwa unabeba, chukua vidaka viwili vyembamba, kimoja kila upande wa ubao.

Bodi ya saruji inayowekwa nyuma ya vigae haiozi kwa maji, lakini maji hupenya. Kinachozuia maji ni utando unaopakwa au kubandikwa juu yake, na ndani ya kidaka lazima utando huo ufike kila kona. Sakafu ya kidaka iinamishwe kidogo kuelekea nje ili maji yasituame. Urefu wake usikubali wa kukadiria: chukua chupa yako ndefu kuliko zote, ile ya lita moja yenye pampu, uisimamishe mbele ya fundi. Tuliweka kimoja usawa wa kifua cha mtu mzima na kingine chini, kinachofikiwa na mtoto wa miaka mitano na mtu anayenyoa miguu.

Kopo nalo lina haki yake. Sisi tunaojisafisha kwa maji tunaishi kwenye nyumba ambazo mchoraji wake hakulifikiria kopo hata mara moja, na matokeo yake linakaa sakafuni nyuma ya choo, mahali pachafu kuliko pote. Fikiria mkono unavyokwenda: wa kulia unamimina, wa kushoto unaosha. Basi kopo likae kulia kwa aliyeketi, usawa wa goti au juu yake kidogo, alifikie bila kujipinda. Kidaka kidogo kwenye ukuta wa kulia kinatosha, ilimradi kopo liwe jembamba kuliko kina chake. Kama ukuta haupo upande huo, rafu fupi ubavuni mwa kabati la sinki inafanya kazi. Kisha angalia linapojazwa. Bomba nyingi za sinki zinazouzwa hapa zina shingo fupi, kopo la lita 2 halipiti chini yake, unalilaza pembeni na maji yanamwagika. Nunua bomba la shingo ndefu na beseni la sinki lenye kina, nenda dukani na kopo lako mkononi ujaribu. Hakuna aibu.

Wengine watapendelea mpira wa kujisafishia, shatafu. Unafungwa kwenye bomba la maji la choo kwa kiungo kidogo cha njia tatu, na hauhitaji nafasi zaidi ya kibanio ukutani. Ufungie maji kwenye kiungo kila unapomaliza, kwa sababu mpira unaoachwa na presha mchana na usiku siku moja hupasuka. Maji yake huku wakati wa baridi ni ya barafu. Kwetu tuna vyote viwili, na wazee hawajaliacha kopo.

Ndoo ya galoni 5, karibu lita 19, ina upana wa kama inchi 12 na kimo cha inchi 15 hivi. Kwa ajili yake tulichagua kabati la sinki lililoachwa wazi upande mmoja wa chini, ndoo inaingia na beseni ndani yake. Upande wa pili ni droo. Nakusihi uchukue droo kuliko milango. Nyuma ya milango chini ya sinki kuna bomba la maji machafu na giza, vitu vinasukumana nyuma na kusahaulika. Droo inakuletea vyote mbele. Zipo droo zilizokatwa umbo la U zizunguke bomba. Kina cha kawaida cha kabati ni inchi 21, lakini yapo ya 18, na katika bafu la futi 5 hizo inchi 3 ndizo zinazoamua kama mlango utafunguka wote.

Kabla ya kulipia, kata maboksi kwa vipimo vya kabati ulipendalo uyasimamishe mahali pake, muishi nayo siku mbili. Fungua mlango, keti chooni, mwogeshe mtoto. Kanuni zinazofuatwa na majimbo mengi zinataka inchi 15 kutoka katikati ya choo hadi ukuta au kabati la pembeni, kila upande, na angalau inchi 21 za wazi mbele ya choo. Miji mingine hudai zaidi ya hapo mbele. Boksi litakuonyesha mapema kama kabati lako linazila inchi hizo.

Mwambie fundi umeme kuhusu mashine ya nywele kabla ukuta haujafungwa. Soketi ya bafuni lazima iwe na kinga ya kukata umeme, zile zilizoandikwa GFCI, na moja iwe ndani ya futi 3 kutoka kwenye beseni la sinki. Ukitaka nyingine ndani ya kabati, wakati wa kusema ni huo.

Taulo zitundike kwenye kulabu, kila mtu yake, umbali wa kama inchi 8 kati yake zisigusane. Fimbo ya taulo ya inchi 24 inabeba taulo moja tu iliyotandazwa vizuri. Kanga hukauka upesi, zinaweza kubaki mlangoni. Juu ya hodhi funga kamba ya kuanikia inayojikunja kwenye kasha lake, kwa nguo za kufua mkononi. Yote haya yanataka feni ya kutolea hewa inayotoa mvuke hadi nje ya nyumba, kamwe isiishie darini.

Na wazazi wakija? Mama akitua kutoka Mombasa huja na sanduku lake la mafuta na ubani na miswaki ya mti, na hukaa miezi. Mwachie droo moja nzima, ya juu, asiiname. Muhimu kuliko droo ni kishikio cha kujitegemeza karibu na choo na hodhi, kwenye kimo cha inchi 33 hadi 36. Kishikio hakishiki kwenye bodi tupu. Ukuta ukiwa wazi, fundi apigilie ubao wa kulala kati ya mbao zilizosimama, kila mahali unapodhani siku moja utafunga kishikio, rafu au kulabu nzito. Ubao huo ni wa dola chache leo. Vigae vikishapigwa, kuuweka ni kubomoa upya.

Nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 inaweza kuwa na rangi yenye madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu kwa watoto. Fundi anayelipwa kuibomoa awe na cheti cha kazi hiyo cha EPA, shirika la serikali ya Marekani la kulinda mazingira, mwombe akuonyeshe. Kuhamisha mabomba au umeme kwa kawaida huhitaji kibali cha mji. Kubadilisha kabati peke yake mara nyingi hapana. Uliza ofisi ya ujenzi ya mji wako, simu moja inatosha. Ukiwa mpangaji, usiguse ukuta bila ruhusa ya maandishi ya mwenye nyumba.

Siku ukuta ukiwa wazi na ubao wa kulala umeshapigiliwa, ingia na simu na futi ya kupimia. Ishikize futi sakafuni, inyooshe hadi juu, piga picha ya kila ukuta namba zikisomeka; kisha ilaze toka kona hadi kona upige tena. Mabomba, nyaya na mbao zote zitaonekana zilipo. Mama alipokuja mwaka uliofuata, nilizifungua picha zile nikatoboa mashimo manne, na kila skrubu ikauma kwenye ubao.