Maandishi Yakitokea Ukutani: La Kufanya Unapobomoa Hoteli Kuukuu Kisumu

Lipu ya hoteli kuukuu ikibanduka na kufichua maandishi yaliyochongwa au kupakwa rangi, simamisha kazi kwenye ukuta huo peke yake; si lazima mradi mzima ulale. Mafundi wasiyaoshe wala kuyasugua kwa burashi ya waya, kwa maana rangi iliyobaki ndani ya herufi hutoka pamoja na vumbi.

Piga picha kabla ya jiwe lolote kusogezwa: kwanza ukuta mzima pamoja na milango yake, kisha maandishi yenyewe yakiwa na rula kando. Herufi zilizofifia husomeka vizuri ukiziba jua kwa turubai na kumulika tochi kutoka ubavuni, kwa sababu kivuli huingia kwenye kila mkato wa patasi. Andika daftarini ni chumba kipi, ukuta unatazama upande gani, na maandishi yako kimo gani kutoka sakafuni. Niliwahi kuoneshwa jiwe zuri lililotunzwa stoo kwa uangalifu, lakini hakuna aliyekumbuka lilitoka mlango gani, na mpaka leo jambo hilo linaniuma.

Nakili mstari kwa mstari bila kusahihisha tahajia, na herufi iliyovunjika iachie nafasi badala ya kubahatisha.

Tarehe ndiyo inayowapoteza wengi. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, mji ukiitwa Port Florence, na wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi wakajenga hapa maduka na nyumba. Kwa hiyo maandishi yanaweza kuwa ya Kigujarati, na mwaka ukawa wa kalenda ya Vikram Samvat, iliyo mbele ya kalenda yetu ya kawaida kwa miaka 56 au 57. Mwaka 1965 wa hesabu hiyo ni 1908 au 1909, ilhali asiyejua atadhani jengo lilisimama baada ya Uhuru. Mtafute mzee anayeisoma lugha hiyo, kisha linganisha na dalili nyingine: bei ya rupia, kwa mfano, huelekeza kabla ya 1920, ambapo sarafu hiyo ilianza kuondolewa.

Toa taarifa mapema kwa Makumbusho ya Kisumu. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya 2006 humpa aliyegundua kitu cha kale siku saba za kuijulisha Makumbusho ya Taifa, na hata kama huna hakika kwamba maandishi yako yanahusika, ni heri uamuzi huo ufanywe na wataalamu kuliko na tingatinga.

Ikiwa ukuta hauna budi kuondoka, na wataalamu wameridhia, kila jiwe lipewe namba upande wa nyuma, namba hizo zichorwe kwenye picha iliyochapishwa, na mawe yafunikwe kwa magunia makavu, si nailoni inayofungia unyevu.